Dereva hakuoni kama unavyodhani: maneno ya aliyeendesha bodaboda na sasa anaendesha gari

Kwa miaka minne nilikuwa bodaboda, kijiwe chetu kikiwa Kimara, Dar es Salaam. Pikipiki ilikuwa ya mkataba na hesabu ya tajiri, yaani pesa ya mwenye pikipiki, haikusubiri mvua wala homa, kwa hiyo najua vizuri presha ya kumkimbiza abiria mmoja ili uwahi mwingine. Leo naendesha kirikuu, gari dogo la mizigo, nabeba mizigo ya watu kati ya Mbezi na Kariakoo. Barabara ya Morogoro nimeikalia pande zote mbili. Ndiyo maana naumia nikisikia madereva wakisema bodaboda wote wahuni, na bodaboda nao wakisema wenye magari wanajifanya barabara ni ya baba yao.

Ngoja niwasimulie ya Temboni.

Ilikuwa jioni ya mvua, foleni imesimama. Nilitaka kukata kushoto niingie mtaani. Nikawasha indiketa, nikatupia jicho kioo cha kushoto, kimejaa matone, sikuona kitu. Nikakata. Kishindo kikapigwa mlangoni. Kijana wa boda alikuwa anajipenyeza kati ya gari langu na ukingo wa barabara, amempakia mama anayetoka sokoni. Nyanya za yule mama zilibiringika mpaka chini ya tairi la mbele. Mama alivunjika mkono, kijana akapasuka juu ya jicho. Helmeti alikuwa nayo, lakini imening'inia kwenye kiwiko.

Wenzake walijaa hapo kabla sijafungua mlango. Bahati yangu mzee mmoja wa kijiwe cha jirani alinifahamu tangu enzi zangu za boda, akawatuliza, tukawakimbiza majeruhi hospitali. Dereva mwenzangu, najua hofu ya umati ndiyo inayowafanya wengi wakanyage mafuta wakimbie. Sheria inakutaka usimame, umsaidie aliyeumia na utoe taarifa polisi. Ukiona maisha yako yako hatarini kweli, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu, usiende nyumbani. Aliyelala pale chini anahitaji mtu wa kumpeleka hospitali, na dakika zinahesabika.

Kosa lilikuwa la nani? Nimelifikiria usiku mwingi. Mimi niliamini kioo bila kugeuza shingo. Yeye aliona indiketa yangu na bado akapita kushoto. Kila mmoja alidhani mwenzake amemwona.

Kwa hiyo wewe wa gari, kabla ya kukata kushoto kwenye foleni, geuza kichwa kabisa, kioo pekee hakitoshi. Sogea taratibu karibu na ukingo mapema, ili pasibaki upenyo wa pikipiki. Kwenye makutano, ile nguzo iliyo pembeni ya kioo cha mbele inaweza kuificha pikipiki nzima pamoja na abiria wake. Inama mbele kidogo, angalia tena. Na pikipiki inayokuja mbele yako, kwa kuwa ni ndogo, macho yatakuambia iko mbali na inakuja polepole kuliko ilivyo kweli. Usiiingilie.

Mlango nao. Nikiwa boda niliwahi kufunguliwa mlango nikiwa katikati ya foleni, goti langu la kushoto linanikumbusha mpaka leo kila baridi ikija. Magari yetu usukani uko kulia, basi fungua mlango wako kwa mkono wa kushoto. Mkono huo ukivuka kifua, mwili wote unageuka na utaangalia nyuma hata kama hukukusudia. Nimewafundisha wanangu pia watumie mkono ulio mbali na mlango, kwa kuwa wanaoshuka nyuma ndio wanaosahau zaidi.

Kwako ndugu yangu wa boda, usikae ubavuni mwa gari. Kaa nyuma ambapo dereva anakuona, au pita ukaondoke. Ukiona sura ya dereva kwenye kioo chake, huenda naye anakuona. Usipoiona, hesabu kwamba haupo. Washa taa hata mchana. Ukiona indiketa ya kushoto, usipite kushoto, hata kama abiria anakuhimiza. Njia ya mabasi ya mwendokasi usiingie, lile basi haliwezi kukukwepa.

Breki ya mbele wengi wanaiogopa, wanasema inapindua. Ila nguvu kubwa ya kusimamisha pikipiki iko mbele. Tumia zote mbili, mbele ukibana taratibu badala ya kuinyaka ghafla. Mvua inapoanza ndipo lami huteleza zaidi, kwa sababu maji yanainua mafuta na vumbi. Punguza mwendo. Kwa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wetu maeneo ya makazi, unakwenda karibu mita 14 kila sekunde.

Helmeti ivaliwe kichwani na mkanda ufungwe, wewe na abiria. Shirika la Afya Duniani linasema ikivaliwa sawasawa inapunguza hatari ya kufa zaidi ya mara sita. Abiria, idai kabla hujapanda, na ukiwa na khanga ikunje mbali na mnyororo.

Baada ya ile ajali, nilimwomba yule mzee ruhusa nikapaki kirikuu pale kijiweni siku ya Jumapili. Kijana mmoja mmoja alikaa kwenye usukani, mwenzake akisukuma pikipiki taratibu kuzunguka gari. Aliyekaa ndani alipaza sauti kila pikipiki ilipopotea kwenye vioo, nasi tukachora chaki chini. Upande wa kushoto mstari ulikuwa mrefu kuliko nilivyotegemea hata mimi mwenyewe. Yule kijana wa Temboni, mshono ukiwa bado mbichi juu ya jicho, alisimama ndani ya mstari ule na pikipiki yake, akaniuliza, "Kaka, hata hapa hunioni?"

Nilikuwa nimekaa kwenye usukani. Sauti yake niliisikia, yeye sikumwona.