Kupiga picha sanamu za bustanini katika jua la Malindi

Adui wa kwanza wa mpigapicha wa sanamu hapa Malindi ni jua la utosi. Mji uko nyuzi tatu hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri jua linamwagika kutoka juu, na kuna siku za mwezi wa tatu na mwishoni mwa mwezi wa tisa ambapo adhuhuri hata kivuli chako mwenyewe hukioni vizuri. Sanamu yenye uso wa mtu ikipigwa na jua hilo, paji na pua vinang'aa, macho yanazama kwenye mashimo meusi, na chini ya kidevu panaota ndevu ambazo mchongaji hakuzichonga. Mtu aliye hai ungemwomba ainue uso kidogo au ahamie kivulini. Sanamu haihami. Wa kuhama ni wewe.

Nikialikwa kupiga picha bustani ya mtu, nyumba hizi za kule Casuarina au hoteli ndogo za ufukweni, naomba niingie kwanza bila kamera, ikiwezekana jioni ya jana yake. Naizunguka kila sanamu nikiangalia kitu kimoja tu: imeelekea wapi. Malindi bahari iko mashariki, jua linachomoza majini. Sanamu iliyogeuziwa bahari ina saa zake za asubuhi, tuseme kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili na nusu, na ukichelewa hapo umeikosa mpaka kesho. Iliyogeuka bara ni ya jioni, lakini jioni ya bustanini ni fupi kuliko ya kwenye kalenda, maana jua linaanza kukatwa na minazi na maghorofa ya jirani kabla halijazama. Mwenye bustani atakwambia njoo saa kumi na mbili. Wewe fika saa kumi.

Mwanga wa kutoka ubavuni ndio unaochonga upya. Ukiwa na jua mgongoni kwako, sanamu inaonekana yote, kila kitu kiko wazi, na bado picha imelala bapa kama karatasi. Sogea hatua kadhaa mpaka nusu ya sanamu iingie kivulini, hapo utaona alama za patasi, mkunjo wa nguo, mshipa wa mkono. Mahali pazuri pa kujifunzia hili, ajabu, hapana sanamu hata moja: ni magofu ya Gede, kilomita kama kumi na tano kusini mwa mji. Pale pana kaburi lenye nguzo iliyokatwa mifuo kuanzia chini kwenda juu, na pana kaburi lenye tarehe, mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Mwanga wa mbele unaifuta ile mifuo kabisa, nguzo inakuwa bomba la mawe. Mwanga wa ubavuni unaleta mstari mweusi, mstari mweupe, juu mpaka mwisho. Maandishi ya kuchimbwa kwenye plasta ni hivyo hivyo: mtu mmoja ashike tochi ya simu karibu na ukuta, imulike kwa kupitia juu juu tu bila kuelekea maandishi moja kwa moja, na herufi zilizokuwa hazisomeki zinajaa kivuli na kusimama. Usifute ukuta wala kuvu kwa mkono ili usome vizuri. Na funga mkoba wako, kima wa Gede hawaulizi.

Gede itakufundisha pia taabu ya mwanga wa chini ya miti. Madoadoa ya jua yanayopenya kwenye majani ni mazuri kwenye njia ya changarawe, lakini yakitua usoni mwa sanamu yanaifanya ionekane ina ugonjwa wa ngozi. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kungoja wingu, na kwa hilo msimu wa kusi ni rafiki kuliko wa kaskazi. Kaskazi anga ni bluu tupu siku nzima, wageni wanafurahi, mpigapicha wa sanamu analia. Kusi mawingu yanapita na kupita. Unakaa tayari, kidole kwenye kitufe, wingu likifunika unapiga. Dawa ya pili ni mtu wa kukushikia kitambaa kati ya jua na sanamu. Kiwe cheupe. Watu huja na leso kwa sababu ndiyo iliyopo, na leso nyekundu inalipaka jiwe la matumbawe rangi ya waridi ambayo hutaitoa baadaye hata ukae na kompyuta usiku kucha. Shuka nyeupe ya kitanda inatosha. Shuka hiyo hiyo, ukiitandaza kwenye nyasi mbele ya sanamu nje ya picha, inarudisha mwanga chini ya kidevu na machoni. Bila hiyo, sanamu nyeupe iliyosimama kwenye majani mabichi inapata ukijani wa chini chini kwenye shingo na kwapa.

Rangi ya kitu chenyewe nayo inaidanganya kamera. Kamera inadhani kila kilicho mbele yake kina weupe wa kadiri. Kinyago cha mpingo kitatoka kijivu, kimepauka, kwa sababu mashine imeongeza mwanga ikidhani kuna giza. Sanamu ya chokaa au ya matumbawe itatoka imefifia kwa sababu iyo hiyo ikienda upande wa pili. Kwa hiyo cheusi punguza mwangaza, cheupe ongeza kidogo, ukiangalia usizidi hadi weupe ukaungua na kupoteza alama zote. Kwenye simu gusa sanamu kwenye kioo, kialama cha jua kikitokea kivute juu au chini. Kinyago kilichopakwa vanishi kina shida ya ziada, kinaakisi anga. Geuza pembe yako mpaka ule mng'ao utoke usoni ukae begani.

Sasa bustani yenyewe. Hapa ndipo picha nyingi zinapoharibikia, kwa sababu jicho likipenda sanamu halioni kingine. Kamera inaona vyote: mpira wa maji ulioachwa kwenye nyasi, tangi jeusi la plastiki, taulo za bwawani, waya wa stima, na mnazi ulioota katikati ya kichwa cha malaika. Kabla ya kubonyeza zungusha macho kwenye kingo nne za picha. Mpira unaondoka kwa kumwomba mzee wa bustani, ambaye aghalabu ndiye anayejua pia ni saa ngapi jua linafika kwenye ile kona. Mnazi hauondoki, lakini hatua moja kushoto inautoa kichwani. Nyuma ya sanamu nyeusi tafuta kitu cheupe au anga, nyuma ya nyeupe tafuta kijani kizito, mwarobaini au mwembe wenye kivuli. Boganvilia iliyochanua ni nzuri kwa macho na mbaya nyuma ya sanamu ya rangi, zinagombana.

Tena rudi nyuma. Simu ikisogezwa karibu inavimbisha kilicho mbele: pua, goti, mkono ulionyooshwa. Simama mbali, tumia lenzi ya kuvuta, milimita 85 kwenda juu kama una kamera, na uso utakaa kwa uwiano alioutaka mchongaji. Kama sanamu iko mbali na ua wa nyuma, tundu la lenzi lililofunguliwa sana, f/2.8 au f/4, litaufuta ua huo ukawa rangi tu. Kama imebanwa na ua, hakuna tundu litakalokuokoa. Fanya f/8, tundu dogo zaidi, acha majani yaonekane, yawe sehemu ya picha. Ile hali ya simu ya kutia ukungu nyuma siipendi kwa sanamu. Programu imezoea nywele na masikio ya watu, ikikutana na mkuki au vidole vya mbao inavikata.

Kimo cha kamera ni jambo la hiari zaidi. Sanamu ya shujaa huwekwa juu ya msingi ili uitazame kwa chini, na Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913 na 1914, sioni sababu ya kumshusha. Mtazame kwa chini, ila usikaribie mno, utapata kidevu na matundu ya pua. Sanamu za wanyama na watoto ni kinyume, piga magoti.

Kuhusu hewa ya bahari neno moja: lenzi inapata ukungu wa chumvi, ipulize kwanza ndipo uifute, na ukitoka chumba chenye kiyoyozi acha kamera ndani ya mkoba nusu saa nje kabla ya kuifungua.

Bado vigango, na hapa nitakaa kidogo. Ukipita bara ya Malindi na Kilifi, au katika baadhi ya bustani na makumbusho, utaona nguzo za mbao zilizochongwa kichwa na mwili wa pembe pembe. Kigango husimamishwa na Wamijikenda, Wagiriama hasa, kwa ajili ya mzee wa gohu, chama cha wazee wenye hadhi, aliyefariki. Kwenye boma lake si pambo, ni marehemu mwenyewe, na hahamishwi hata watu wakihama. Kwa hiyo hapo huanzi na mwanga wala pembe, unaanza na wazee wa boma: hodi, salamu, ueleze wewe ni nani na picha inakwenda wapi. Wakikataa, umekataliwa. Usijaribu kuipiga kutoka barabarani kwa lenzi ndefu.

Wakikubali, piga kwanza picha ya wazi isiyo na ufundi: kigango kizima kuanzia ardhini, kutoka mbele, mwanga wa kawaida, na kama mwenyewe anapenda, asimame kando yake. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama karibu na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Baadaye viliibwa. Miaka ilipita, kimoja kikatambuliwa katika makumbusho ya chuo kikuu Marekani, cha pili katika makumbusho nyingine huko huko, na ile picha ya kawaida ikawa ndiyo shahidi. Mwaka 2007 viwili hivyo vilikuwa vimesharudi Kenya, ukoo ukavipokea. Picha ya ufundi, yenye kivuli nusu na ukungu nyuma, isingeonyesha michoro ya kutosha kukitambulisha kigango. Tangu niijue habari hii, kila sanamu ninayopiga, hata ya saruji kwenye bwawa la hoteli, inapata picha moja ya aina hiyo kabla ya mbwembwe, pamoja na jina la mchongaji nikiambiwa.

Kwa vigango ongeza hili: zima huduma ya mahali kwenye simu au kamera kabla hujaanza, maana picha inabeba ndani yake vipimo vya pale ulipokuwa umesimama, na wezi wa vigango wanajua kutumia ramani. Ukiiweka mtandaoni andika kaunti tu. Boma, njia na jina la mzee vibaki kwenye daftari lako, na nakala ya picha iliyochapishwa uwapelekee wenyewe.