Msimu wa motokrosi unakaribia, na rafiki wa kwenda naye tuligombana

Shangazi, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni baba wa watoto wawili, mzaliwa wa kambi ya jeshi ya Bombo, hapa Uganda, na bado naishi Bombo. Tangu shule ya msingi nilikuwa na rafiki mmoja, na ugonjwa wetu ulikuwa mmoja: motokrosi, zile mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo na matuta. Siku ya mashindano tulipakiana pikipiki hadi uwanja wa Busiika, tukasimama juu ya tuta karibu na kona ya kwanza mpaka vumbi jekundu litugeuze rangi. Mwaka 2022, kabla ya mashindano ya mataifa ya Afrika kufanyika Garuga, tuligombana. Nilikuwa nimemkopesha shilingi 800,000 atengeneze boda boda yake, hakulipa, nikamtolea maneno mbele ya mke wake. Garuga nilienda peke yangu, nikarudi nyumbani kabla ya mbio za wakubwa. Sijaenda tena tangu hapo. Sasa msimu mpya uko karibu, kila usiku natazama video za zamani za waendeshaji wetu, akina Blick na Van Pee, na mke wangu ananicheka kwamba mwanamume mzima analilia pikipiki. Mbio za siku hizi naona hazina ladha, hata mlio wa injini si ule. Je, nimpigie simu au niachane na mambo ya ujana?
Mwana wa Bombo

Mwanangu,

Nianze na mlio, maana hapo masikio yako hayajakudanganya. Nimeishi na fundi wa pikipiki miaka mingi, na mezani kwetu habari za injini zilikuwa nyingi kuliko za siasa. Pikipiki zilizokulea zilikuwa za stroki mbili: petroli inalipuka kila injini inapozunguka mara moja, na oili iliyochanganywa humo humo inaungua pamoja nayo. Ndipo unapata ule mlio mwembamba wa kukwaruza masikio na ule moshi ambao mke wa kaka yangu anauita uvundo, wewe unauita manukato. Halafu mwaka 1998 Yamaha wakaleta pikipiki ya YZ400F ya stroki nne, inayolipua petroli mara moja kila mizunguko miwili. Kanuni ziliiruhusu stroki nne kuwa na injini kubwa kuliko stroki mbili, kwa hiyo viwanda vingine navyo vikageukia huko, na leo wakubwa wa daraja la juu, MX1, wanapanda pikipiki za cc 450 zenye mngurumo mzito.

Lakini pikipiki za watoto, za cc 65 na 85, bado ni stroki mbili. Watu wanazidharau mbio hizo, wanafika uwanjani wakati wa wakubwa tu, mkononi rolex, ile chapati ya kuviringisha, ya mayai mawili. Wewe wahi mapema, usimame pale pale kwenye tuta lako. Mlio wako uko pale, ila wanaoupiga wamekuwa wafupi.

Kwa hiyo ya injini tumeyamaliza. Ila mwanangu, nchi za Afrika zilikuja kukimbia Garuga, karibu na mlango wetu kabisa, nawe ukaondoka kabla ya mbio za wakubwa. Hakuna anayeacha siku kama ile kwa sababu ya stroki nne.

Motokrosi si mchezo wa kutazama peke yako. Geti la kuanzia likianguka, wote wanaingia kona ya kwanza kwa pamoja, unaona kofia na matope, kisha wanapotea nyuma ya kilima. Anayeongoza akirudi si yule aliyekwenda akiongoza, na wewe hukuona yaliyotokea. Unahitaji mtu wa kumuuliza "nani ameanguka?", na mtu wa kubishana naye njia nzima ya kurudi kama Blick alimziba mwenzake kwa haki au la. Mwenzako alikuwa macho yako ya upande wa pili, ndiyo maana mbio zimekosa ladha.

Sasa deni. Katika barua yako umelipita jambo la mke wake upesi upesi kama mtu anayeruka dimbwi. Mimi nasimama hapo hapo. Mwenye deni anajua anadaiwa, na Bombo si kubwa, mngekwisha kukutana dukani mkayamaliza. Naona anachokikwepa ni aibu ya siku ile kuliko hizo 800,000. Ulimvua nguo nyumbani kwake. Usimpigie simu, wala usimtumie ujumbe. Nenda kwake jioni, na uombe radhi mbele ya mke yule yule aliyesikia matusi. Maneno machache, bila kuongeza "lakini na wewe".

Kabla hujaenda, amua kuhusu pesa. Kaa na mke wako muamue, kwa sababu shilingi zile zilitoka kwenye nyumba yake pia, na pengine anapokucheka kuhusu pikipiki anacheka ili asiulize zimeishia wapi. Kama bado ni deni, mwambie rafiki yako wazi, mkubaliane atume kidogo kidogo kwa simu, na mazungumzo ya Busiika yasubiri siku nyingine. Usitumie mbio kama chambo cha kudai. Kama mmelisamehe, litamke mara moja tu na lisitajwe tena, hata kwa utani, hata mkiwa mmeshiba muchomo, nyama ya kuchoma.

Anaweza kukukatalia. Hapo utakwenda na watoto, na mama yao kama atapenda; barua yako haisemi kama umewahi kumwalika hata mara moja. Mbebee kiti na mwavuli, maana tuta lile halina kivuli. Watoto wakiona wenzao wa darasa lao wanaruka juu ya PW50, pikipiki ndogo ya watoto, watakuomba moja kabla hamjafika nyumbani. Siku hiyo usijibu kitu.

Akikubali, usitegemee kupata wavulana wawili wa zamani. Yeye ni mtu wa boda boda, na siku ya mbio kwake ni siku ya abiria. Huenda akafika saa nane, mbio za watoto zimekwisha, kofia bado kichwani, simu inaita. Usinune. Mwonyeshe aliyeanguka, mweleze aliyeongoza, msogezee nafasi.

Na kiingilio, kila mtu ajilipie.