Maswali ya Wasomaji: Somo la Mazingira Nje ya Darasa

SWALI: Ninafundisha Gredi ya 5 katika shule iliyo karibu na mikoko ya Mikindani. Wanafunzi wangu hukariri umuhimu wa mazingira bila kuyagusa. Nianzie wapi, nami sina fedha za ziara?
Mwalimu, Mombasa

JIBU: Mwalimu, mikoko hiyo ni maabara tosha. Ukishapata idhini ya wazazi na ya mwalimu mkuu, nenda nao maji yanapokupwa, nawe uwe umewauliza wavuvi mapema saa ya kujaa, kwa kuwa usalama wa watoto hauna mjadala. Kila mmoja aonje jani la mchu, aina mojawapo ya mikoko, lile la juu lisilofikiwa na maji, ahisi chumvi ambayo mti wenyewe umeitoa. Kisha achunguze mizizi iliyochomoza topeni kama penseli, ambayo huvuta hewa kwa sababu tope lina oksijeni haba mno. Usiwape sababu haraka. Waache wakisie, wabishane na kuandika.

Mbegu za mkoko huota zingali mtini, hivyo ni rahisi kuzipanda, lakini naamini kwa dhati kwamba kupanda kwa siku moja na kupigwa picha hakumfundishi mtoto lolote: wapime miche yao kila mwezi, na ule unaokufa wautafutie sababu.

Fedha zikipatikana, wapeleke Haller Park, Bamburi, ambako machimbo ya mawe ya chokaa yalianza kupandwa miti mwaka 1971, na majongoo wakatumiwa kuyageuza majani ya mivinje kuwa udongo.