Shingo kukaza kwa kushona siku nzima
Pole sana dada. Kuinamia cherehani tangu asubuhi ndiko kunakokaza hiyo misuli ya kutoka shingoni hadi begani. Kalia kiganja cha kulia, laza kichwa taratibu upande wa kushoto hadi usikie msuli unavutika, usifike kwenye maumivu. Hesabu hadi 30, kisha badilisha. Halafu geuza uso kidogo, utazame kwapa la upande ulikolaza kichwa; hapo unavuta msuli wa nyuma unaoshika bega. Mimi zoezi hilo ndilo linalonisaidia zaidi.

Jioni weka kitambaa cha maji ya moto, mtu akukande kwa dole gumba palipofanya kifundo, polepole. Mbele ya shingo pasiguswe kabisa. Mkono ukifa ganzi au kukosa nguvu, nenda hospitali, usikandwe tena.