Jani lililofunikwa nalo limegeuka jeusi: kipimo cha wanga kimeharibikia wapi?

SWALI: Wataalamu, naomba ufafanuzi. Nilichukua majani mawili ya mmea mmoja wa maharage. Moja nililifunika kwa karatasi ya foili kwa saa 3, jingine nikaliacha juani. Kisha niliyachemsha kwenye spiriti mpaka yakapauka, nikayadondoshea iodini. Nilitarajia la juani ligeuke bluu-nyeusi na lililofunikwa libaki na rangi ya kahawia, lakini yote mawili yametoka na mabaka meusi. Nikajaribu tena kwa majani ya kitunguu yaliyoshinda juani, hayo hayakubadilika hata kidogo. Je, kitunguu hakifanyi usanisinuru? Na kama mmea hutengeneza sukari, kwa nini tunapima wanga?

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalofungua hayo mengine.

Mwanga hautengenezi wanga moja kwa moja. Ndani ya kloroplasti, vile vijichembe vya kijani ndani ya seli za jani, kazi hufanyika kwa hatua mbili. Ya kwanza iko kwenye tando zenye umbijani, yaani klorofili, ambayo hunasa zaidi mwanga mwekundu na wa bluu. Nishati hiyo hupasua molekuli za maji. Oksijeni hutoka hapo, kwenye maji, wala si kwenye kabonidayoksaidi kama wengi wanavyodhani. Wanasayansi Ruben na Kamen walilionyesha hilo mwaka 1941 kwa kutumia oksijeni nzito, oksijeni-18. Elektroni na hidrojeni za maji hayo huishia kwenye kibebaji kiitwacho NADPH, na sehemu ya nishati huwekwa kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli.

Hatua ya pili hufanyika kwenye ute unaozizunguka tando hizo. Kimeng'enya rubisko hunasa kabonidayoksaidi iliyoingia kupitia stomata, yaani vitundu vidogo vya jani, nayo gesi hiyo ni haba: hewa ina takriban asilimia 0.04 tu. Kwa kila molekuli 3 zinazonaswa, hutumika ATP 9 na NADPH 6, na faida inayobaki ni sukari moja ndogo yenye kaboni 3. Ile glukosi ya kwenye mlinganyo wa darasani ni njia fupi ya kuandika hesabu. Jani haliirundiki glukosi kwa wingi.

Sukari hiyo ndogo ina matumizi kadhaa. Nyingine huchomwa na jani lenyewe kwa ajili ya nishati, nyingine hugeuzwa sukrosi na kusafirishwa kwenda kwenye mizizi, machipukizi na matunda. Inayozidi ndiyo huunganishwa kuwa punje za wanga ndani ya kloroplasti. Tunaupima wanga kwa sababu hauyeyuki, hubaki pale pale ulipoundwa, na iodini huutambua kwa urahisi. Lakini kumbuka kwamba iodini inakuonyesha akiba, haikuonyeshi kazi. Jani lenye bidii linaweza kukosa wanga, na jani lililo gizani linaweza kuwa na wanga tele wa jana.

Jani lako lililofunikwa lilikuwa na wanga wa namna hiyo. Saa 3 hazitoshi kuumaliza, kwani mmea huutumia polepole usiku kucha. Uweke mmea mzima, si jani moja, kwenye kabati au sanduku lisilopitisha mwanga kwa saa 24 hadi 48. Kisha chuma jani moja ulipime kabla ya kuendelea. Likitoa bluu, urudishe mmea gizani. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo muhimu kuliko vyote katika jaribio hili, na ndicho kinachorukwa zaidi: bila hicho, wanga utakaouona baadaye huwezi kujua ni wa leo au wa juzi.

Badala ya kulinganisha majani mawili, ambayo huenda hayalingani umri, tumia moja. Likiwa bado kwenye mmea, lifunge ukanda wa foili katikati, juu na chini, kisha uuache mmea juani saa 4 hadi 6. Uwe umemwagiliwa vizuri. Ukinyauka, stomata hufunga, kabonidayoksaidi haiingii, na utapata jibu la hapana kwa sababu isiyohusiana na mwanga.

Sasa hayo mabaka. Umesema ulianza na spiriti moja kwa moja, na nadhani tatizo liko hapo. Jani hutangulizwa kwenye maji yanayochemka kwa dakika 1. Joto hilo huua seli, husimamisha vimeng'enya visiendelee kuuvunja wanga, na hulegeza tando ili spiriti, na baadaye iodini, ipenye sawasawa. Ukiiruka hatua hii, iodini huingia sehemu moja ikagoma nyingine.

Baada ya hapo zima moto kabisa. Weka jani kwenye neli yenye spiriti, na neli uisimamishe ndani ya maji yale ya moto. Ethanoli, ambayo ndiyo spiriti yenyewe, huchemka kwa nyuzijoto 78 hivi, kwa hiyo joto la maji linatosha. Usiiweke juu ya moto wala karibu na moto, maana mvuke wake huwaka. Baada ya dakika 5 hadi 10 jani huwa jeupe-manjano na spiriti ya kijani. Kama bado lina ukijani, badilisha spiriti, kwa sababu rangi iliyobaki huficha matokeo. Jani litakuwa kavu na lenye kuvunjika, kwani spiriti imelinyonya maji, basi lichovye kidogo kwenye maji ya uvuguvugu lilainike.

Liache lipoe ndipo udondoshee iodini. Kwenye jani la moto rangi ya bluu hutoweka, kwa kuwa minyororo ya wanga iliyojiviringisha na kuibana iodini huiachia. Likipoa, rangi hurudi. Subiri dakika 2 au 3, suuza, halafu soma matokeo juu ya sahani nyeupe.

Kuhusu iodini yenyewe: yeyusha gramu 2 za potasiamu iodidi kwenye maji kidogo, ongeza gramu 1 ya iodini, kisha jaza maji mpaka mililita 100. Bila iodidi, iodini huyeyuka kwa shida sana. Izimue hadi ifanane na chai nyepesi isiyo na maziwa, kwa sababu ikiwa kali mno hata wanga kidogo huonekana mweusi. Iodini ya kahawia ya duka la dawa inafaa. Ile isiyo na rangi haifai, maana iodini yake imekwisha kugeuzwa iodidi.

Kitunguu hufanya usanisinuru kama mimea mingine ya kijani. Ziada yake, hata hivyo, hukihifadhi kama sukari zinazoyeyuka, zikiwemo fruktani, na iodini haizitambui. Mahindi nayo yanaweza kukuchanganya: wanga wake hukaa hasa kwenye seli zinazoizunguka mishipa ya jani, hivyo rangi hutokea kwa mistari. Endelea na maharage.

Ukitaka kuona kwamba mwanga si lazima kwa uundaji wa wanga, kata vipande vya jani lililokwisha kuondolewa wanga gizani. Vingine vieleeshe kwenye maji yenye glukosi, gramu 5 kwa mililita 100, vingine kwenye maji matupu, vyote gizani kwa siku 2. Kisha vipime. Vya kwenye glukosi hugeuka bluu, vya kwenye maji matupu hubaki kahawia.