Re: Vibandiko vya maelezo havisomeki kwenye maonyesho ya wanafunzi

Habari mwalimu. Umesema umeongeza ukubwa wa herufi, lakini wanafunzi wenye uoni hafifu bado hawasomi vibandiko. Usiongeze tena; kwanza pima utofauti wa rangi kati ya maandishi na usuli. Mwongozo wa WCAG (viwango vya kimataifa vya kuwafaa watu wenye ulemavu), ingawa ni wa tovuti, unafaa hapa: uwiano wa utofauti wa mwangaza uwe angalau 4.5:1, au 3:1 kwa herufi za pointi 18 na zaidi. Kijivu hafifu juu ya nyeupe hakifiki, na wabunifu tunakipenda mno.

Kisha angalia karatasi. Inayong'aa hurudisha mwanga wa taa na kufuta maneno, basi chapa kwenye isiyong'aa. Hukutaja kimo cha vibandiko ukutani: aliye kwenye kiti cha magurudumu anaweza kuvisoma? Chapa kimoja, wape wanafunzi haohao wakijaribu ukutani, ndipo uchape vyote.