Maswali Yenu ya Hesabu: Hivi Kujumlisha Si Tulikumaliza Darasa la Kwanza?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nina duka hapa Morogoro, kila jioni nafunga hesabu mwenyewe kwa kalamu na daftari na haipotei hata mia. Juzi kijana wangu wa fomu foo ananiambia eti kwenye hesabu zao 3 jumlisha 4 inaweza kuwa 5, nikamuuliza hiyo ni kwa hela ya nani. Akaleta daftari, na kweli mwalimu wake kamwekea vema. Dada yake yuko chuo naye anasema wao bado wanasoma kujumlisha. Hivi hiki kitu hakiishi? – *Mama wa duka, Morogoro*

JIBU: Marahaba mama. Kijana yuko sahihi na wewe uko sahihi, ila mnajumlisha vitu viwili tofauti kwa alama ileile moja, na hapo ndipo watu wengi wanapoachwa njiani bila mtu kuwaambia kwamba kuna kitu kimebadilika.

Wewe unajumlisha kiasi. Yeye anajumlisha mwendo wenye uelekeo, ndiyo wanaita vekta. Chukua bodaboda katoka stendi akaenda kilomita 3 mashariki, alafu akakata kona akaenda kilomita 4 kaskazini. Mafuta kachoma ya kilomita 7, hapo hesabu yako ya dukani iko palepale haijaguswa. Ila ukiuliza sasa hivi yuko mbali kiasi gani na stendi kwa mstari ulionyooka jibu ni kilomita 5, maana 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, jumla 25, na 25 ni 5 mara 5. Na angekwenda kilomita 3 mashariki akageuza akarudi kilomita 3 magharibi, basi 3 na 3 zimeleta sifuri, yuko stendi vilevile.

Na wewe mwenyewe kuna kujumlisha kwingine unakokufanya kila siku bila kusita. Mzigo umetoka Dar saa 10 alfajiri, njiani masaa 5, unafika saa 3 asubuhi. Yani 10 jumlisha 5 imekuwa 3 na hakuna mtu dukani aliyebisha. Hesabu hii ya kuzunguka aliipanga vizuri Mjerumani Carl Friedrich Gauss kwenye kitabu chake cha mwaka 1801, akiwa na miaka 24 tu, na mpaka leo inafundishwa kwa namna alivyoiandika yeye.

Sasa kwa nini vyote hivi viitwe kujumlisha? Kwa sababu tabia ni zilezile. Ukianza na hiki ukamalizia na kile au ukageuza, jibu halibadiliki. Ukiwa na vitatu, ukianza kuunganisha viwili vya kwanza au viwili vya mwisho, jibu halibadiliki. Kuna kimoja ambacho ukikiongeza hakifanyi kitu: dukani ni sifuri, kwa bodaboda ni kukaa palepale, kwenye saa ni masaa 12. Na kila kitu kina cha kukirudisha nyuma mpaka mwanzo (kwenye hela hicho ni deni). Wanahisabati walifika mahali wakaacha kuuliza unajumlisha nini, wakawa wanauliza tu: hizi tabia zipo? Zikiwepo wanaandika alama ya + bila wasiwasi. Binti yako wa chuo anasoma hilo, na mimi naona ni moja ya mambo mazuri kabisa ambayo akili ya binadamu imewahi kuyafanya, kwaiyo mwache aendelee.

SWALI: Mwalimu habari. Kwa nini 1/2 jumlisha 1/3 isiwe 2/5? Juu na juu, chini na chini, mbona ndio rahisi. Tena mpira tunahesabu hivyo hivyo. – *Mwanafunzi, Kisumu*

JIBU: Nzuri sana. Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, na kweli kwenye mpira iko hivyo. Jumamosi umepiga penalti 2 ukafunga 1, Jumapili umepiga 3 ukafunga 1, jumla umefunga 2 kati ya 5. Hakuna kosa.

Lakini hapo umejumlisha rekodi, hujajumlisha sehemu. Angalia hivi: nusu ni 1/2, na nusu ileile ni 2/4, chapati haibadiliki ukiikata vipande vinne ukachukua viwili. Sasa kwa njia yako 1/2 na 1/3 inaleta 2/5, ila 2/4 na 1/3 inaleta 3/7. Namba ni moja, majibu mawili! Kwenye penalti hilo halina shida maana 2 kati ya 4 ni rekodi nyingine tofauti na 1 kati ya 2, ila kwenye sehemu 1/2 na 2/4 ni majina mawili ya kitu kimoja, na jibu halitakiwi kutegemea leo umetumia jina gani. Alafu ona na hili, 2/5 ni ndogo kuliko 1/2, yani umeongeza kitu ukabaki na pungufu ya ulichoanza nacho. Ndio maana tunatafuta asili moja, 3/6 na 2/6, tunapata 5/6. Ningependa walimu wa msingi waseme sababu hii waziwazi kabla hawajaanza kukaririsha njia.

SWALI: Kaka mwalimu, niko mwaka wa kwanza chuo hapa Dodoma. Nasikia kuna watu walitumia kurasa mamia kuthibitisha 1+1=2. Ya nini yote hayo? Na kuna mhadhiri kasema simu yangu "inajumlisha nukta", sikumwelewa kabisa.

JIBU: La kwanza ni kweli. Ni Waingereza wawili, Alfred North Whitehead na Bertrand Russell, juzuu ya kwanza ya kitabu chao Principia Mathematica ilitoka 1910, na ni kwenye ukurasa wa 379 wanasema kwamba kutokana na hapo, kujumlisha kukishaelezwa, itapatikana 1+1=2. Kujumlisha kwenyewe wakaja kukueleza kwenye juzuu ya pili, 1912. Hawakuwa na shaka na jibu, walitaka kuona kama hisabati yote inaweza kusimama juu ya kanuni chache za mantiki tu. Njia fupi ilikuwepo tayari, ya Mtaliano Giuseppe Peano, 1889: kila namba ina inayofuata, kuongeza 1 ni kwenda kwa inayofuata, na kuongeza "inayofuata b" ni kuongeza b kwanza alafu kusogea hatua moja. Kwaiyo 2+2 ni inayofuata 2+1, 2+1 ni 3, inayofuata 3 ni 4. Imeisha.

Uangalifu huu una faida ukifika kwenye jumla zisizo na mwisho. Chukua 1 − 1/2 + 1/3 − 1/4 na kuendelea bila kukoma, inakaribia 0.693. Sasa chukua namba zilezile, usiache hata moja, ila kila moja chanya ifuatwe na hasi mbili: 1 − 1/2 − 1/4 + 1/3 − 1/6 − 1/8 na kuendelea. Inakuja nusu ya ile ya kwanza! Mjerumani Bernhard Riemann alionyesha kwamba jumla ya namna hii ukiipanga upya unaweza kuipeleka kwenye namba yoyote unayoitaka. Ile tabia ya "geuza upendavyo" imevunjika, na bila kanuni zilizoandikwa vizuri usingejua imevunjikia wapi.

Nukta za simu sasa. Chukua mchoro wa y² = x³ + 17. Nukta (−2, 3) ipo, maana 9 ni −8 na 17, na nukta (−1, 4) ipo. Pitisha rula kwenye hizo mbili, mstari unaenda kugonga mchoro mahali pa tatu, (4, 9). Geuza juu chini: (4, −9). Hiyo ndiyo jumla yao. Hakuna kilichorundikwa wala kuhesabiwa, ila zile tabia nne nilizomwambia mama wa Morogoro zipo zote. Mwaka 1985 wanahisabati wa Marekani Neal Koblitz na Victor Miller, kila mmoja kivyake, walipendekeza kuficha siri kwa njia hii: kujumlisha nukta na yenyewe mara nyingi sana ni kazi nyepesi kwa kompyuta, ila kujua ilijumlishwa mara ngapi kwa kuangalia jibu tu ni kazi ngumu mno. Simu yako inafanya hivyo ukituma ujumbe wa WhatsApp, tena inazungusha namba kama Gauss alivyofanya.

Jaribu mwenyewe kwenye mchoro uleule: jumlisha (2, 5) na (4, 9). Ukipata (−2, 3) umepatia, ukipata (−2, −3) umesahau kugeuza.